Hivi kweli nywele zetu zinahitaji shampuu na kondishena, au tunauziwa povu?

Binti wa Kigamboni (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la kina dada wa nywele za asili kumezuka ubishi mpaka watu wameanza kujitoa. Upande mmoja unasema shampuu na kondishena ni ulaji wa makampuni tu: bibi zetu walikosha vichwa kwa sabuni ya kipande, wakapaka mafuta ya nazi, wakasuka nywele za uzi, na nywele zilijaa kichwani. Upande wa pili unasema usipokuwa na hizo chupa mbili bafuni, jiandae kununua wigi. Nimeona niulete mjadala huku, maana kule nusu ya wachangiaji ni wauza bidhaa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri. Tunabishana bure kwa sababu tunachanganya vitu viwili, ngozi ya kichwa na unywele wenyewe. Ngozi iko hai. Inatoa jasho, inatoa mafuta yake, inapukutisha seli zilizokufa, na ina vijidudu vinavyoishi juu yake siku zote. Unywele ukishachomoza nje ya ngozi umekufa. Ni protini inayoitwa keratini, hauna damu wala mishipa, kwa hiyo huwezi kuulisha. Ukiona chupa imeandikwa "hulisha nywele kuanzia shinani hadi nchani", ujue mwandishi wa tangazo alilipwa vizuri.

Kwa maana hiyo shampuu inahusu ngozi, kondishena inahusu unywele. Unaweza ukahitaji moja na usihitaji nyingine.

Halafu sisi wa kipilipili tuna letu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi hushuka kirahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwetu yanakutana na kona mwanzo mwisho, hayafiki. Shina linakuwa na mafuta, ncha inakuwa kavu. Ndiyo maana mtu mmoja huyo huyo analalamika kichwa kinawasha kwa uchafu na nywele zinakatika kwa ukavu. Akiosha sana ncha zinaumia, asipoosha ngozi inaumia.

Naamini mwenye nywele fupi asiyepaka chochote hahitaji hata chupa moja. Lakini anayejisiliba mafuta ya mgando na jeli wiki nzima, halafu anakataa shampuu kwa sababu "ni kemikali", huyo ananichekesha.

Karibuni.

---

Kipara Ngoto

Nimewahi siti ya mbele. Sabuni ninayoogea mwilini inapanda mpaka kichwani na hakuna kilichoharibika. Tatizo ni kwamba hakuna kilichobaki cha kuharibika.

---

Shosti wa Sinza

😂😂 Kipara, huu uzi haukuhusu. Nasubiri wenye nondo.

---

Mfamasia wa Kata

Kipara anatania lakini ana hoja. Aliyenyoa hana unywele wa kuulinda, ana ngozi tu, na sabuni yoyote ya kuogea isiyomkera ngozi inamtosha. Nywele zikirefuka ndipo sabuni ya kipande inapoanza kuleta matata.

Unywele umefunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana kama mabati ya paa. Yakilala vizuri, unywele unateleza na kung'aa. Sabuni ya kweli, ile inayopikwa kwa mafuta na kostiki soda, ina pH (kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) ya kati ya 9 na 10. Ngozi ya kichwa iko kwenye 5.5 hivi na unywele uko chini zaidi, karibu 3.7. Ukiuogesha unywele kwenye pH ya juu, unavimba, magamba yananyanyuka na kuanza kukwaruzana na ya jirani. Chanuo likipita hapo, utasikia sauti.

Jambo la pili ni maji, na hili watu hawalitaji kabisa. Mleta uzi kama kweli ni wa Kigamboni atanielewa haraka. Maji mengi ya visima yana kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo yakikutana na sabuni hayatoi povu, yanatengeneza ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Kwenye beseni unausugua. Kwenye nywele za kipilipili unabaki humo humo, nywele zinakuwa nzito, zimefifia, zinanata. Bibi aliyekuwa anakinga maji ya mvua kwenye pipa alikuwa na sabuni ile ile lakini hakuupata utando huo, maana maji ya mvua hayana hayo madini. Kwa hiyo mnaposema "mbona bibi aliweza", ulizeni pia bibi alikuwa anaoshea maji gani.

Shampuu za kisasa siyo sabuni kwa maana hiyo. Viosheo vyake, kama sodium laureth sulfate au cocamidopropyl betaine, vina upande mmoja unaoshika mafuta na mwingine unaoshika maji, na havigandi na madini ya kisima namna ile. Ya kwanza kupata soko kubwa ilikuwa Drene, iliyotolewa na Procter & Gamble huko Marekani mwaka 1934. Kabla ya hapo watu wa huko nao walikuwa wanaosha kwa sabuni, kisha wanasuuza kwa siki au limau kuondoa utando. Ila Drene ilikwangua mafuta kupita kiasi, na miaka ya 1940 ikatolewa yenye kilainisho ndani yake.

---

Shosti wa Sinza

Mfamasia, hizo salfeti si ndizo wanasema zinaleta saratani? Kila siku TikTok wanatuonya.

---

Mfamasia wa Kata

Hapana, hakuna ushahidi kwamba salfeti za shampuu zinaleta saratani. Zile kali, hasa sodium lauryl sulfate, zinaweza kuikera ngozi na kukausha nywele. Hiyo ni sababu tosha ya mtu mwenye ngozi laini kutafuta shampuu ya upole. Hakuna haja ya kumuongezea na hofu ya saratani.

---

Msusi wa Mbagala

Mmesema vizuri, sasa acheni niwaambie ninayoyaona mimi ninayefumua vichwa vya watu.

Mteja anakuja kufumua rasta za miezi miwili. Pale kila msuko unapoanzia kichwani kuna pete ya kijivu. Ni vumbi, mafuta, jasho na magamba ya ngozi vimeshikamana. Ukifumua msuko, kinatoka kifurushi cha nywele, mteja anashtuka anasema amenyonyoka. Hajanyonyoka. Mtu wa kawaida anadondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, lakini zikiwa zimesukwa hazina pa kudondokea, zinasubiri. Sasa kosa linalofanyika hapo ni kumkimbiza mteja kwenye sinki moja kwa moja. Ile pete ikilowa kabla hujaitoa, inafunga fundo na nywele nzima, na fundo hilo ni la mkasi. Kwanza paka mafuta kidogo kwenye pete, itenganishe kwa vidole, chana kuanzia nchani kurudi juu, ndipo uende kwenye maji na shampuu. Na hapo shampuu ni lazima. Hiyo pete haitoki kwa maji matupu wala kwa dua.

Sehemu ya pili ambayo sikubali mjadala ni nywele za dawa. Dawa ya kunyoosha ina pH ya 12 na kuendelea. Ukiisuuza kwa maji tu, inabaki ndani ya unywele inaendelea na kazi wewe ukiwa umeshafika nyumbani. Kuna shampuu maalumu ya kuizima, na nyingine zina rangi ya kukuonyesha: povu likiwa la waridi, dawa bado ipo. Unasuuza, unapaka tena, mpaka povu litoke jeupe kabisa, hasa kisogoni na nyuma ya masikio ambako wengi hawafiki. Siku za sikukuu foleni ni ndefu, msichana anaosha mara moja, anaona povu la waridi anapiga kimya, anaenda kuweka rola. Baada ya wiki mbili nywele zinakatika, mteja anailaumu dawa.

La tatu, na hapa wenzangu wa saluni watanichukia. Dumu la lita 5. Shampuu inanunuliwa kwa dumu, inamiminwa kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, inaongezwa maji ili ifike mwisho wa mwezi. Siyo povu pekee linalopungua, hata kile kinachozuia bakteria kuota humo ndani kinazimuliwa. Ukisikia chupa ya saluni ina harufu ya kitambaa kibichi, omba uoshwe kesho nyumbani kwako.

---

Binti wa Kigamboni

Msusi umenimaliza na hiyo pete. Naomba ueleze na namna ya kuosha, maana naona wengi wanarundika nywele zote juu ya kichwa na kuzisugua kama wanafua jinzi.

---

Msusi wa Mbagala

Gawa nywele mafungu manne, ufunge kila fungu lisichanganyike. Shampuu inaenda kwenye ngozi, kwa ncha za vidole, siyo kucha. Nchani usipeleke. Povu linaposhuka wakati wa kusuuza linatosha kuziosha. Kondishena kinyume chake: kuanzia katikati kwenda nchani, na ngozi uiache. Chana nywele zikiwa bado na kondishena, kwa chanuo la meno mapana. Ukisubiri zikauke ndipo uchane, umepoteza maana nzima ya kuipaka.

---

Nywele Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu kuna kundi kubwa la wale wa "hakuna shampuu". Wanaosha na soda ya kuokea, halafu wanamwagia siki ya tufaha. Mnasemaje kuhusu hiyo? Binamu yangu anaapa kwamba nywele zake hazijawahi kuwa safi hivyo.

---

Mfamasia wa Kata

Dada wa Nakuru, binamu yako anasema kweli kwamba zinakuwa safi. Soda ya kuokea ina pH ya 8 na ushee na ina chembechembe zinazosugua. Inasafisha na inaparuza kwa wakati mmoja. Mara moja moja hutaona kitu. Kila wiki kwenye nywele ambazo tayari ni kavu, utaona.

Siki ina mantiki zaidi, kwa sababu inairudisha pH chini na magamba yanalala. Lakini iwe imezimuliwa kwa maji mengi, siki tupu inachoma ngozi, hasa yenye mikwaruzo. Limau ndilo naomba mliache kabisa mnaotoka juani. Maji ya limau kwenye ngozi yakipigwa na jua kali yanaweza kuunguza, ukabaki na malengelenge na alama nyeusi pajini mwa uso.

Ila angalieni mnachofanya: mnatumia kiosheo, kisha mnatumia kitu cha kulaza magamba. Ni shampuu na kondishena za kujitengenezea, tena ambazo hazijapimwa.

---

Mkaazi wa Malindi (ya Unguja, siyo ya Kenya)

Mnazungumza kama kwamba kabla ya chupa kulikuwa na sabuni ya kipande tu. Kwetu palikuwa na mkunazi. Majani yanachumwa, yanaanikwa kivulini, yanatwangwa na kuchekechwa, kisha unakoroga unga wake na maji ya vuguvugu mpaka utoe povu. Siyo povu jingi la kufurika, ni lile jepesi. Unapaka kichwani, unaacha kidogo, unakosha. Ndugu zetu wa Muscat mpaka leo wanauziwa unga wake kwenye maduka ya manukato, wao wanauita sidri, na kina mama wanaupenda kuliko shampuu.

Tatizo la vijana wa huku ni kwamba majani hayo hayo ndiyo anayokoshewa maiti, pamoja na kafuri. Mpwa wangu nilimkorogea bakuli zima akakataa, ati harufu ya msiba.

Na niseme ukweli mwingine. Mkunazi unakosha jasho na mafuta ya mwili vizuri, lakini mtu aliyepaka mafuta ya mgando hautamfaa. Na vipande vya majani, kama unga haukuchekechwa kwa kitambaa, vinaganda kwenye nywele za kipilipili utavitoa mpaka Ijumaa ijayo.

---

Mfamasia wa Kata

Nakazia. Majani ya mkunazi yana saponini, vitu vya asili vinavyotoa povu na kushika mafuta. Kwa hiyo wazee hawakuwa "bila shampuu", walikuwa nayo mtini.

---

Mbongo wa Berlin

Hapa nilipo ndiko Hans Schwarzkopf alikoanza kuuza shampuu ya unga mwaka 1903. Na wenyeji wanaosha kila siku au siku moja baada ya nyingine. Siyo ushamba. Nywele zao ni nyembamba, zimenyooka, mafuta yanashuka fasta, siku ya pili tu zimelala kichwani kama zimemwagiwa mafuta ya kupikia. Chupa nyingi tunazoziona madukani zimetengenezwa kwa kichwa cha namna hiyo na ratiba ya namna hiyo. Mwafrika akiifuata ratiba yao ataishia kuwa na nyasi kavu.

Halafu jambo moja kwa wanaosafiri: shampuu za mba zenye zinc pyrithione huku Ulaya zimeondolewa sokoni tangu Machi 2022, kiambata hicho kimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Ukizoea ya nyumbani, hutaikuta.

---

Shosti wa Sinza

Sasa tuoshe mara ngapi? Maana kila mtu ana lake.

---

Mfamasia wa Kata

American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, kinawashauri watu wenye nywele za Kiafrika waoshe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na kila wakiosha watumie kondishena, hasa nchani. Kwa joto la Dar na jasho la daladala, mimi ningevuta upande wa wiki moja. Anayefanya mazoezi kila siku anaweza kusuuza ngozi kwa maji katikati ya wiki bila shampuu.

---

Historia Tamu

Naona watu wanamtaja bibi, bibi, bibi. Mimi nawaletea bibi mwingine. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867, akajulikana baadaye kwa jina la Madam C.J. Walker. Alikuwa dobi, na nywele zikamtoka vibaya. Zama hizo nyumba nyingi za watu weusi Marekani hazikuwa na maji ya bomba, kichwa kinaoshwa kwa nadra, na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa mengi. Utaratibu aliokuja kuwauzia wanawake wenzake ulikuwa na mambo mawili makubwa: kuosha kichwa mara kwa mara, na kupaka marhamu yenye salfa. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa mmoja wa wanawake weusi matajiri kuliko wote nchini humo.

Watu wanakumbuka chanuo la moto tu, wanasema alifundisha watu kuchukia nywele zao. Hilo lina mjadala wake. Lakini sehemu ya kuosha ngozi ilikuwa sahihi, na hakuna kampuni ya shampuu iliyomdanganya.

---

Bwana Ubishi

Mmenishawishi kwenye shampuu. Kondishena bado. Nimesoma lebo ya moja: maji, pombe za ajabu ajabu, nta, silikoni, manukato. Pombe inakausha, nta inaziba. Hayo ni mafuta ya kupaka yaliyovalishwa suti.

---

Mfamasia wa Kata

Bwana Ubishi, "pombe" ulizoziona nadhani ni cetyl alcohol na cetearyl alcohol. Hizo hazihusiani na spiriti. Ni vitu vizito vyeupe kama mafuta yaliyoganda, vinalainisha. Inayokausha ni ile nyepesi inayoruka haraka, unayoikuta kwenye jeli na dawa za kupulizia.

Kinachofanya kondishena iwe kondishena ni viambata kama behentrimonium chloride. Unywele uliochakaa una chaji hasi, hasa sehemu zilizoumia. Kiambata hiki kina chaji chanya, kwa hiyo kinang'ang'ania pale pale palipoumia, hata ukisuuza kinabaki tabaka jembamba. Mafuta hayachagui hivyo, yanakaa popote. Tabaka lile linapunguza msuguano kati ya unywele na unywele, na kati ya unywele na chanuo. Nywele za kipilipili zinakatika zaidi pale zinapopinda, wakati wa kuchana. Ukipunguza msuguano hapo, umepunguza kukatika. Hiyo ndiyo kazi yake yote, haioteshi unywele hata mmoja.

---

Bwana Ubishi

Kwa hiyo mafuta ya nazi hayawezi kufanya kazi hiyo? Jibu ndiyo au hapana.

---

Binti wa Kigamboni

Hili nimelifuatilia, niachieni. Mwaka 2003 Journal of Cosmetic Science ilichapisha utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini (yale yatokanayo na petroli). Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Sababu ni kwamba mafuta ya nazi yana asidi ya loriki kwa wingi, molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya ndani ya unywele. Mengine yanabaki juu juu.

Kwa hiyo bibi hakukosea. Ila kazi yake ni tofauti na ya kondishena. Ya nazi yanapunguza unywele kunyonya maji na kuvimba wakati wa kuosha, kwa hiyo mahali pake pazuri ni usiku kabla ya siku ya kuosha. Kondishena inarahisisha kuchana baada ya kuosha. Ukinibana nichague moja kwa sababu hela hakuna, nachukua ya nazi na shampuu ya upole, nachana taratibu kwa vidole. Msusi atanipinga.

---

Msusi wa Mbagala

Nakupinga. Wewe una muda wa vidole. Mimi nina mtoto wa darasa la pili analia na mama yake anaangalia saa. Kondishena ya bei nafuu kabisa, mradi ina alama ya TBS na haijaisha muda, inamaliza kilio. Mafuta ya nazi kwenye nywele zilizolowa hayatelezi hivyo.

---

Bwana Ubishi

Haya, nakubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

---

Dreadi za Arusha

Sisi wa dreadi msitusahau. Kondishena nzito na dreadi ni maadui, inaingia katikati ya kidreadi haitoki tena, baadaye unakuwa na kitu cheupe ndani kinachofanana na ukungu. Mafuta ya mgando ndiyo balaa zaidi. Shampuu nyepesi isiyoacha mabaki, suuza mpaka maji yatoke safi, kamua kila kidreadi kwa taulo, kisha jua au draya mpaka ndani kabisa. Ukilala nazo mbichi, baada ya muda abiria wenzako wanahama siti.

Na ile imani kwamba dreadi hazioshwi ni uongo wa watu wavivu.

---

Mama Kadogo

Naomba msaada, sijui kama ni mahali pake. Mwanangu wa miaka sita ana mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatikia hapo hapo, kuna ungaunga mweupe. Jirani kanishauri nipake mafuta ya nyonyo na vitunguu saumu. Mwingine kasema ni mba, ninunue shampuu ya mba. Nywele zake tunanyoa kinyozi mmoja na kaka zake.

---

Mfamasia wa Kata

Mama Kadogo, siwezi kuona kichwa cha mtoto kwa simu, lakini kwa maelezo yako yanafanana sana na mapunye. Hayo ni fangasi wanaoingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo shampuu peke yake haiwaponyi, wala kitunguu saumu, ambacho kinaweza kumuunguza. Mpeleke kituo cha afya. Kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge kama griseofulvin au terbinafine kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wake, na shampuu ya fangasi inaongezwa ili asiwaambukize wengine. Kaka zake nao waangaliwe. Kitana, taulo na kofia wasichangie, na kinyozi aambiwe kuhusu mashine yake. Usikawie. Yakiachwa yanaweza kuvimba, kutunga usaha na kuacha kovu ambalo nywele haziwezi kuota tena.

Mba ya kawaida ni kitu kingine, inatapakaa kichwa kizima na mara nyingi ni kwa watu wazima. Hiyo ndiyo shampuu ya ketoconazole ya 2% inaifaa: mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne, na povu ulikae nalo kichwani dakika tatu mpaka tano kabla ya kusuuza. Watu wanapaka na kusuuza papo hapo halafu wanasema haifanyi kazi. Na wakati huo acheni kupaka mafuta kwenye ngozi. Vijidudu vinavyochochea mba, Malassezia, chakula chao ni mafuta. Unaona magamba unadhani ni ukavu, unaongeza mafuta, unawaandalia karamu.

---

Mama Kadogo

Asante sana, kesho asubuhi tunaenda zahanati. Mungu akubariki.

---

Shosti wa Sinza

La mwisho na mimi, kwa Msusi. Nimesuka rasta juzi, nataka nikae nazo mpaka harusi ya dada. Nitaoshaje bila kuzifumua?

---

Msusi wa Mbagala

Shosti, chukua chupa yenye mdomo mwembamba, hata ile ya tomato sosi. Weka shampuu kidogo na maji mengi, tikisa. Pitisha mdomo wa chupa kwenye mistari ya ngozi, mstari baada ya mstari, ugandamize kwa ncha za vidole bila kusugua msuko. Suuza kwa maji yanayotiririka kutoka juu kwenda chini, muda mrefu kuliko unavyodhani, maana shampuu iliyobaki ndiyo itakayokuwasha. Kamua kwa taulo kuukuu. Kondishena nzito acha, pulizia maji yenye kondishena kidogo kwenye nywele zako tu, siyo kwenye za bandia. Halafu osha mchana, siyo usiku, rasta nene hazikauki kabla ya kulala.

Na kama mstari wa mbele unauma sasa hivi au umetoa vipele vidogo, usisubiri harusi. Njoo nilegeze hiyo mistari miwili ya mbele, nywele za pajini zikishatoka kwa kuvutwa mara nyingi hazirudi.

---

Shosti wa Sinza

Zinauma kweli. Jumamosi asubuhi una nafasi?

---

Msusi wa Mbagala

Njoo saa mbili kabla ya foleni. Na uje umekula.